Bibi wa Florence na mchuma chai wa Kericho

Leo nataka tutazame pamoja picha mbili. Ya kwanza imechorwa kwa mkono, ina umri wa zaidi ya miaka mia tano, na iko Madrid, Hispania, katika jumba la sanaa la Thyssen-Bornemisza. Ya pili imepigwa kwa kamera, na huenda iko jikoni kwako hivi sasa, ubavuni mwa kopo la sukari. Zote mbili ni za wanawake. Nami nilizikuta ukuta mmoja, mjini Kericho, nilipokwenda kuhudhuria nikaha ya mtoto wa jamaa yangu mmoja anayeuza vitambaa mjini humo. Sebuleni mwake palikuwa na kalenda yenye picha za wachoraji wa Kizungu, na ukurasa wa mwezi ule ulikuwa na bibi wa Florence. Chini yake mtoto wa nyumba alikuwa amebandika ubavu wa boksi la chai, wenye picha ya mama anayechuma.

Najua wako watakaoniuliza: wewe uliyesomeshwa chuoni, ukakatazwa na mwalimu kuchora chenye roho, picha za Manasara zakuhusu nini? Swali hilo ni la haki. Mjadala wa maulamaa juu ya picha sitauingia, kwani wenye elimu yake wapo na wameuandika. Nasema tu kwamba picha ya mama mchuma chai imekwisha kuingia majumbani mwetu, kila alfajiri iko nasi, na kitu kinachokaa nyumbani mwako ni vyema ujue kinasema nini. Tena sisi watu wa pwani si wageni wa kusoma alama. Bi harusi akitolewa ukumbini, mabibi waliokaa mikekani humsoma kama msahafu uliofunguliwa: marijani ile ya fedhaluka ni ya nyanyake, kidani kile kimeazimwa, hina ile si ya fundi wa hapa, na leso aliyojitanda shangazi mtu imekusudiwa kumpiga kijembe fulani aliyekaa pembeni. Basi kwa macho hayo hayo ya mabibi wa mikekani na tumtazame bibi wa Florence.

Jina lake Giovanna degli Albizzi, binti wa moja ya nyumba kubwa za mji ule. Mwaka 1486 aliolewa na Lorenzo Tornabuoni, kijana wa nyumba nyingine kubwa, nyumba ya mabenki. Mwaka uliofuata akazaa mtoto wa kiume. Mwaka 1488 akafariki dunia akiwa na mimba ya pili, hajatimiza miaka ishirini. Mchoraji ni Domenico Ghirlandaio, na picha ina tarehe ya mwaka huo huo wa 1488. Wataalamu wengi wanaona kwamba aliichora baada ya bibi mwenyewe kwisha kuzikwa. Ukishajua hilo, picha nzima hubadilika machoni pako.

Kwanza, hatutazami. Amechorwa ubavu, uso umeelekea upande wetu wa kushoto, shingo ndefu, mgongo umenyooka, na nywele zimesukwa na kufungwa kwa ufundi ambao hapana shaka ulichukua asubuhi nzima ya mtu mwingine. Hacheki wala hanuni. Mikono imeshikana mbele ya tumbo na ndani yake kuna kitambaa, leso kwa maana ya asili ya neno hilo, kwani neno letu la leso tulilipata kwa Wareno, na kwao ni kitambaa cha mkononi. Nyuma yake ni giza la kishubaka ukutani. Mle mna kipuli cha thamani chenye lulu, kitabu cha sala, na ushanga wa marijani nyekundu uliotundikwa juu. Wenye kuzijua sanaa zile husema ushanga huo ni tasbihi ya Kikatoliki. Kwa hiyo kipuli ni dunia yake, kitabu na tasbihi ni dini yake. Mchoraji ametuambia kwa vitu vitatu yale ambayo mtunzi wa utenzi angetumia beti thelathini kuyasema.

Lakini mabibi wa mikekani wasingeishia hapo, wangelitazama vazi. Vazi la juu ni la nyuzi za dhahabu, na begani imefumwa herufi L. Ndiyo Lorenzo. Pamefumwa na alama ya almasi, nembo ya nyumba ya Tornabuoni. Yaani binti huyu amevaa jina la mume begani, kama gunia lililopigwa chapa ya mwenye shehena. Na mapambo yenyewe je? Katika desturi ya Florence ya zama hizo, mahari yalitoka kwa baba wa mke kwenda kwa mume, na vito ambavyo mume alimvika mkewe vilibaki kuwa mali ya mume, naye aliweza kuvirudisha sandukuni au kuviuza. Hapa msomaji Mwislamu atasimama kidogo, kwani kwetu sheria imekwenda kinyume chake: mahari ni haki ya mke mwenyewe, na hapana mwenye ruhusa ya kuyagusa pasipo ridhaa yake. (Kama tunaitekeleza sheria hiyo ipasavyo ni habari nyingine, na wanawake wa miji yetu wana majibu yao.) Kwa hiyo ukiuliza katika picha ile kitu gani ni cha Giovanna, jibu ni gumu. Labda kitabu na tasbihi. Labda ule ukimya.

Nyuma ya shingo yake kuna karatasi iliyobandikwa ukutani yenye maneno ya Kilatini, yaliyotokana na shairi la Martial, mshairi wa Roma ya kale. Makusudio yake ni kulalamika kwamba sanaa haiwezi kuchora tabia wala moyo wa mtu, na kwamba ingaliweza, basi pasingekuwa na picha nzuri kuliko hii duniani. Mimi kama mtunzi nimeyapenda maneno hayo. Ni mchoraji anayekiri, ndani ya picha yenyewe, kwamba kuna kitu hakumo.

Mumewe alioa mke mwingine, na mwaka 1497 akakatwa kichwa kwa kula njama ya kuwarudisha watawala wa Medici. Mwaka 1498 mali ya nyumba ikaandikwa orodha, na picha ya Giovanna ilikuwa ingali imetundikwa chumbani. Msomaji wa Mombasa na Malindi ataukumbuka mwaka huo kwa jambo jingine, kwani ndio mwaka ambao mnamo Aprili merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga pwani yetu. Huku makarani wa Florence wakihesabu vyombo vya marehemu, mabaharia wa Kireno walikuwa wakiuliza njia ya kwenda kwenye viungo na lulu.

Sasa tuteremshe macho, tuje kwenye boksi la chai.

Chapa yake sitaitaja, maana mabokisi ya namna hiyo ni mengi na yote yanafanana. Mama amevaa kilemba chekundu, kapu liko mgongoni, mkono mmoja umeshika majani mawili na chipukizi, na nyuma yake ni vilima vya kijani hadi mwisho wa upeo wa macho. Anatutazama usoni na anacheka kwa meno yote. Mimi nilimwona mzuri tu, nikawa sina la zaidi. Aliyenifundisha kumsoma ni mama mmoja wa Kikipsigis, jirani wa jamaa yangu, aliyekuwa ameleta maziwa ya harusi. Aliwahi kuchuma katika shamba la kampuni kwa miaka mingi. Baada ya "Chamgei" na kuulizana hali, nikamwuliza anaionaje picha ile. Akaikaribia, akaitazama sana.

"Mzee, huyu hajachuma," akasema. "Angalia vidole. Vyeupe."

Akanionyesha vyake. Maji ya jani la chai huganda vidoleni, yakawa meusi, na kuosha hakuyatoi. Kisha akaendelea, kwa utulivu wa mtu anayekagua hesabu ya dukani. Aproni ya plastiki iko wapi? Kericho umande wa asubuhi unaloweza mtu kifuani, na mchana mvua inakuja, pengine ya mawe, na hakuna anayeingia katika michai bila plastiki kiunoni. Kapu limekaa mgongoni lakini mabega yamenyooka, kwa hiyo ni tupu. Anachuma kwa mkono mmoja, na kwa mkono mmoja kilo hazitimii. Tena anatazama watu. Mchuma chai hatazami watu, hutazama majani, na akiinua kichwa ni kwa sababu nyapara amepita.

"Na anacheka nini?" akaniuliza. Nikakosa la kumjibu.

Kicheko hicho ndicho kilichonifanya niandike. Giovanna hakuchorwa akicheka kwa sababu watu wake waliona heshima ya mwanamke mkubwa iko katika utulivu. Mama wa boksi amecheshwa kwa sababu mnunuzi hataki kunywa chai ya mtu aliyekasirika. Hali ya uso katika picha haitoki moyoni mwa mwenye uso, hutoka kwa aliyelipia picha. Na kuhusu chai ya Kericho, dunia ilikwisha kuona upande wa pili wa kicheko hicho mnamo Februari 2023, wakati BBC ilipotoa filamu yake ambamo wanawake zaidi ya 70 wa mashamba ya chai, yaliyokuwa yakimilikiwa kwa miaka na makampuni mawili ya Kiingereza, Unilever na James Finlay, walieleza kwamba walidhulumiwa kimwili na wasimamizi wao. Kazi ilikuwa ikitolewa kwa masharti ya haramu. Tulizitazama habari hizo huku vikombe viko mezani. Sijui msomaji alifanya nini siku ile. Katika baraza yetu watu walinyamaza, kisha mmoja akaagiza kahawa.

Tutazame na nyuma ya mama huyu. Nyuma ya Giovanna kuna kishubaka chenye vitu, lakini nyuma ya mchuma chai hakuna kitu ila kijani. Hakuna nyumba, hakuna ng'ombe, hakuna kaburi. Kijani hicho huonekana kama kimeumbwa hivyo tangu siku ya kwanza, na ndivyo picha inavyotaka tuamini. Ukweli ni kwamba ile ni ardhi ya watu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 katika Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliopata vilema vitani, wakalima kitani, na mradi ukaanguka. Katika miaka ya 1920 yakaja makampuni ya Brooke Bond na James Finlay na chai yao. Mwaka 1934 ikatungwa sheria maalumu ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi na waaguzi wa Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Nyanza, mahali pa mbu na mbung'o, wakakaa huko hadi miaka ya mwanzo ya 1960. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza juu ya madai ya watu hawa. Mfalme Charles alipofika Nairobi na Mombasa mwishoni mwa 2023 alitamka huzuni na majuto kwa maovu ya ukoloni, lakini hakuomba radhi rasmi. Hayo yote yamo katika kile kijani, nawe mnunuzi huyaoni.

Sasa nije kwenye jambo lililo moto zaidi. Mnamo Mei 2023, waandamanaji walivamia shamba huko Kericho na kuziteketeza mashine za kuchumia chai. Mashine hizi si mpya. Zimekuwa zikiingia kidogo kidogo kwa miaka, na chama cha wafanyakazi wa mashamba kimeshindana na makampuni mahakamani juu yake mara nyingi. Mashine moja huondoa kazi ya makumi ya watu. Makampuni yana hoja zao, na haifai kuzificha: mishahara ndiyo gharama kubwa, bei ya chai duniani haipandi kwa kadiri ya gharama, na washindani wa nchi nyingine hawangoji. Wachumaji nao wana hoja zao, na mojawapo ni ya ufundi kabisa: mkono huchagua majani mawili na chipukizi, mashine hunyoa kila inachokikuta, kigumu na laini. Lakini hoja kubwa haina ufundi wowote ndani yake. Mama anayechuma hamiliki shamba, wala nyumba ya kampuni anayolala, na mara nyingine hata kapu si lake. Anacholeta asubuhi ni mikono miwili, na mashine inachukua nafasi ya mikono hiyo.

Na ajabu ni kwamba picha yake haikuondoka. Shambani anapungua, kwenye boksi yupo. Sijaona bado boksi la chai lenye picha ya mashine. Hapo ndipo nilipomkumbuka tena Giovanna, aliyekwisha kuzikwa huku sura yake ikibaki ukutani mwa chumba cha mume, na vito, na herufi L begani, kama kwamba ameondoka kidogo tu na atarudi. Wachoraji wa Florence angalau walijua kwamba wanachora marehemu, wakaandika mwaka nyuma ya shingo yake.

Picha hiyo ya Giovanna imeuzwa na kuuzwa. Mwaka 1907 ilikuwa mikononi mwa tajiri wa Kimarekani J. P. Morgan, mwaka 1935 ikanunuliwa na Thyssen, na mwaka 1993 ikawa mali ya serikali ya Hispania pamoja na picha nyingine nyingi za mkusanyo huo. Mashamba ya Kericho nayo hayakukaa mkono mmoja. Mwaka 2022 Unilever iliiuza biashara yake ya chai kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC, kisha katika mwaka 2023 na 2024 ikatangazwa kwamba mashamba ya James Finlay na yale yaliyokuwa ya Unilever yanakwenda kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Katika mauzo yote hayo aliyemo ndani ya picha huhama pamoja na fremu yake bila kuulizwa.

Atakuja msomaji aseme: hayo ni mashamba ya makampuni, lakini Bomet wako wakulima wadogo, chai yao wenyewe, kiwanda chao wenyewe. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Wakati wa ukoloni Mwafrika alikatazwa kulima chai, akafunguliwa mlango katika miaka ya 1950, na mwaka 1964 serikali ikaunda KTDA, ambayo tangu 2000 ni kampuni ya wakulima. Ukipita njia ya Mogogosiek au Kapkoros utaona kina mama wakichuma chai iliyo mlangoni mwao, na vidole vyao ni vyeusi vile vile, lakini wakichoka huingia ndani kwao. Hata hivyo nao waulize. Bonasi ya upande huo wa magharibi ya Bonde la Ufa mara kwa mara huwa chini kuliko ya wenzao wa upande wa Mlima Kenya, na hilo limeleta manung'uniko makubwa. Tena kuna jambo dogo ambalo magazeti huliandika kwa nadra: namba ya mkulima, ile inayoandikwa kila jani linapopimwa, mara nyingi ina jina la mume. Mke huchuma, karani hupima, na fedha za bonasi huingia kwa jina jingine. Nilipolisikia hilo niliiona tena ile herufi L begani.

Safari ya chai humalizikia kwetu. Mnada umekuwa Mombasa tangu 1969, na maghala yake sisi wenyeji twayapita kila siku, harufu kavu ya majani ikitufuata hadi matatu iondoke. Tangu 2020 mnada unafanywa kwa kompyuta. Mnunuzi wa Karachi au wa Dubai hupewa jina la kiwanda, daraja la chai, idadi ya mifuko na uzito, naye huonja sampuli, huivuta mdomoni kwa kishindo na kuitema, kisha hutaja bei. Katika karatasi zile hakuna safu ya aliyechuma. Sura yake huja baadaye, chai ikishachanganywa na kutiwa paketini, pengine nchi ya mbali, na mtu wa matangazo akishaamua kwamba boksi linahitaji rangi nyekundu kidogo kwenye kijani.